Mzee Hodi na Nondo za Kijani

Inatangazwa kwa umma wote, kwa wenye nyumba na wapangaji wao, kwa wanaolala ghorofani na kwa wanaolala chini ya hao wanaolala ghorofani, kwamba siku ardhi itakapoamua kujinyoosha viungo, kitakachosimama kati ya kichwa cha raia na kitanda cha jirani wa juu si sheria, si dua ya haraka haraka, wala si bango lenye picha ya mkubwa akiweka jiwe la msingi. Ni kazi ya mikono ya mtu mmoja. Mtu huyo hana king'ora barabarani. Wakati tangazo hili linatolewa amepanda kwenye jukwaa la mabomba, suruali yake imeshikiliwa kiunoni na kipande cha waya, na anatafuta miwani ambayo ameivaa.

Wazazi wake walimpa jina zuri tu, lakini limebaki kwenye kitambulisho, halina kazi nyingine. Kazini anaitwa Mzee Hodi. Ni fundi wa nondo. Yeye ndiye anayesimamisha vile vyuma virefu vinavyokaa tumboni mwa nguzo, akavizungushia ringi za chuma moja juu ya nyingine kama mbavu, akavifunga kwa waya kila vinapokutana. Kisha wanakuja wengine na mbao, wanafunika, wanamwaga zege, na kazi yake yote inapotea machoni pa watu. Mpishi husifiwa kabla sahani haijaoshwa. Kazi ya Mzee Hodi ukiiona, ujue jengo limepasuka.

Jina la Hodi alilipata kwa tabia moja. Akishamaliza kufunga nguzo, haondoki. Hutoa mfukoni koleo lake la kukazia waya, akaizunguka ile nguzo, akagonga kila nondo, ngo, usawa wa sikio lake, kisha akatega sikio kama mgeni mlangoni. Nondo iliyofungwa sawasawa huitikia kwa sauti safi inayokwenda mbali kidogo kabla ya kufa. Iliyolegea mahali huitikia kwa mkato, kama mtu aliyeamshwa usingizini. Hapo mzee hupanda na kushuka mpaka aupate huo waya uliozembea, aukaze, agonge tena. Alifundishwa hivyo na fundi aliyemlea kazini, naye alifundishwa na mwingine, na kwenda nyuma huko hadi kwa mtu wa kwanza aliyegonga chuma kwa kukosa la kufanya. Hakuna chuo kikuu kinachofundisha mtindo huo, ingawa vyuo vikuu vimewahi kutoa vyeti kwa mambo ya ajabu kuliko hayo.

Tabia ilimfuata nyumbani. Aligonga geti kabla ya kulifungua, geti lake mwenyewe. Aligonga vitanda vya wageni. Sokoni aligonga matikiti, jambo ambalo watu wote hufanya, lakini pia aligonga viazi, jambo ambalo lilimfanya mkewe asimame mbali kidogo na kujifanya hamjui. Siku kijana wake mkubwa alipomleta mchumba, Mzee Hodi alikigonga kiti kabla ya kumkaribisha binti wa watu akae. Binti yule alikuwa anasomea uhandisi, na badala ya kucheka akauliza kwa adabu kiti kimesemaje.

"Kimekubali," akasema mzee, na tangu hapo mahari na mengineyo yalikuwa ni taratibu tu.

Binti huyo sasa ndiye mkwe wa nyumba. Ndiye pia mhandisi mkaguzi kwenye jengo ambalo Mzee Hodi anafunga nondo, na hilo liliwatia wote wawili kwenye mtihani ambao hakuna mtu aliyewahi kuutunga. Kazini mkwe ni mkubwa wake, anaweza kusimamisha kazi kwa kunyanyua kidole. Nyumbani huyo huyo humpokea kofia kwa mikono miwili na hamtazami usoni akimsalimia. Walitatua tatizo kwa njia ya watu wenye heshima zao, yaani hawakulizungumza kabisa. Kazini alimwita "baba" kwa sauti ya kihandisi, naye alimwita "mkwe" kwa sauti ya kifundi, na amri zilipita kati yao zimevikwa nguo za maombi.

Jengo lenyewe ni wodi mpya ya wazazi, juu ya kilima kinachopigwa na upepo wa chumvi mchana kutwa. Ile wodi ya zamani iliharibiwa na huo upepo. Chumvi huingia kwenye zege taratibu kama umbea, ikifika kwenye chuma inakipa kutu, na kutu ina tabia mbaya: inaingia nyembamba, ikishazoea inanenepa. Ikinenepa inasukuma. Zege likaanza kupasuka kwa nje, vipande vikadondoka, manesi wakazoea kufagia vumbi lake asubuhi. Halafu likaja tetemeko, wala halikuwa kubwa, lilikuwa kama la kujifunzia, na nguzo za barazani zikakaa chini kama watu waliochoka kusimama foleni. Zile ringi zilizotakiwa kuzishika zisipasuke zilikuwa zimeliwa zikabaki nyembamba kama waya wa kuanikia nguo. Kwa bahati baraza lilikuwa tupu. Aliyeumia ni benchi.

Ndiyo maana wodi mpya ikaletewa nondo za kijani. Ni chuma kile kile, lakini kimevikwa utando mgumu wa rangi kiwandani, chumvi isikifikie. Siku zilipofika, mkwe aliwakusanya mafundi akawaeleza namna ya kuzitunza. Zisiburutwe. Zinyanyuliwe kwa mikanda laini, si kwa minyororo. Zilazwe juu ya mbao. Waya wa kuzifungia nao ulikuwa umevishwa plastiki. Na pakichubuka popote, hata kama ni mchubuko wa ukubwa wa punje ya mchele, pasafishwe na kupakwa dawa kutoka kwenye kopo maalumu, kwa sababu kutu haihitaji mlango, tundu la ufunguo linaitosha. Nondo iliyochubuka ikifichwa ndani ya zege, akasema, ni ahadi kwamba lile baraza litaanguka tena, ila safari hiyo pengine kina mama watakuwa chini yake.

Mzee Hodi aliyashika maneno hayo kama mtu aliyekabidhiwa watoto wachanga. Alitembea kati ya nondo za kijani kwa ncha za vidole. Alimfokea dereva wa kreni. Alitandika maboksi chini ya kila kitu, hata chini ya ndoo ya maji. Fundi mmoja alipoegemeza nyundo yake kwenye nondo, mzee alimpa somo refu hadi yule fundi akaiomba nondo msamaha. Hakuna aliyezingatia masharti kuliko yeye. Ni kitu kimoja tu ambacho hakukiingiza kwenye hesabu ya mambo yanayochubua, nacho ni kugonga. Kwake kugonga hakukuwa kazi, kulikuwa salamu, na nani amewahi kuambiwa kwamba salamu yake inachubua?

Basi akafunga nguzo ya kwanza, akatoa koleo, akagonga. Nondo ikasema: du.

Alidhani ni upepo. Akagonga tena. Du. Akapanda, akakagua waya mmoja baada ya mwingine, zote zimekaza, akashuka, akagonga kwa nguvu zaidi. Du, kama mtu anayeitikia akiwa na chakula mdomoni. Ukweli ni kwamba ule utando, pamoja na waya wenye plastiki, ulikuwa unameza sauti, na hata angezifunga malaika zisingelia vizuri zaidi. Lakini Mzee Hodi hakuwa mtu wa kukubali jibu la ovyo kutoka kwa chuma. Alizirudia nguzo zote. Alipita asubuhi kabla ya chai na jioni kabla ya kunawa, akizigonga kwa ukali wa baba anayemwuliza mtoto swali lile lile akitumaini safari hii atasema kweli. Wenzake walipomsikia walitabasamu. Mzee yuko kazini, walisema.

Siku moja kabla ya kumwaga zege, mkwe akafanya ukaguzi, na akakuta michubuko. Haikuwa mmoja wala miwili. Kila nguzo ilikuwa na yake, vidoa vidogo vya chuma kitupu kwenye kijani.

Aliyelipokea jambo hilo kwa mikono miwili ni mkandarasi. Huyu ni bwana mnene wa moyo mwema kiasi, ambaye huzungumza na mtu mmoja kama anayehutubia uwanja, na kila kosa likitokea hulitafutia mtu wa kulibeba kabla ya chakula cha mchana ili aweze kula kwa utulivu. Safari hii hakutafuta mbali. Nondo zilikaa stoo. Stoo ina mtunzaji. Kwa hiyo mtunza stoo ameziburuta. Na kwa kuwa alikwishatangaza mbele ya wote kwamba atakayeharibu nondo za kijani ataondoka siku hiyo hiyo, akatangaza tena, kwa sauti ile ile, kwamba kesho asubuhi mtunza stoo akabidhi funguo na kwenda nyumbani.

Mtunza stoo huyo watu wanamwita Kufuli. Ni mfupi, mkavu, na hajawahi kumpa mtu msumari bila kumwuliza ule wa juzi ameupeleka wapi. Yeye na Mzee Hodi wamekuwa wakicheza drafti ya vizibo vya soda tangu wote wawili wakiwa na nywele. Wametukanana kiasi kwamba hakuna tusi jipya lililobaki kati yao. Umri aliofika, jina lake likishachafuka hakuna eneo jingine la ujenzi litakalomkabidhi hata kufuli la choo, na hilo alilijua. Hakubishana. Alirudi stoo akaanza kupanga makopo kwa ukubwa, jambo ambalo alikuwa amekwishalifanya.

Mzee Hodi alikasirika kwa niaba yake mchana kutwa. Alimlaumu dereva wa lori, akamlaumu mwenye kreni, akalaumu kiwanda, na ilipofika alasiri akawa amemfikia paka wa jikoni, ambaye kucha zake, alisema, watu wanazidharau. Kila aliyemsikiliza aliona mzee ana hoja. Kisha akatoa koleo akazipitia nguzo tena, kwa uchungu.

Jioni mkewe alikuwa uani anafua. Kabla ya kuloweka ovaroli huwa anaikung'uta, kwa sababu amewahi kufua misumari. Akaikung'uta, na chembe za kijani zikamwagika kwenye sakafu kutoka kwenye mfuko ambao koleo hukaa. Akalichukua koleo lenyewe. Meno yake yalikuwa ya kijani.

"Baba watoto," akaita, "hizo nondo zenu mnazifunga au mnazitafuna?"

Mzee Hodi akaja, akaangalia chembe, akaangalia koleo, akasema ni vumbi. Mkewe akasema yeye anafagia vumbi tangu azaliwe na hajawahi kuliona la rangi hiyo. Akasema basi ni majani. Mkewe hakujibu, aliendelea kufikicha kola, na ukimya wa mwanamke anayefikicha kola una mengi ndani yake. Mzee akasimama pale. Halafu, kwa kuwa hakujua njia nyingine ya kuuliza kitu chochote duniani, akainama akagonga beseni la mkewe la bati, lile lenye rangi nyeupe na ua la bluu, ngo, kama anavyogonga nondo. Kipande cha rangi kikaruka kikatua kwenye povu. Palipotoka pakabaki doa jeusi la bati.

Alilitazama lile doa kwa muda mrefu.

"Na beseni langu umeliua," akasema mkewe, lakini kwa sauti ya chini, kwa sababu alikuwa ameuona uso wake.

Kikulacho ki nguoni mwako, na cha Mzee Hodi kilikuwa mfukoni kabisa. Alikaa kwenye kigoda. Kilichomkata maini hakikuwa michubuko peke yake. Ni kwamba kila alipohisi nguzo haisemi kweli, alikuwa ameigonga zaidi, na kila alipoigonga zaidi ndivyo alivyozidi kuifungulia kutu njia, kwa mikono yake, kwa mapenzi yake yote. Adui wa nguzo angekuja mara moja akaenda zake. Yeye alikuwa amekuja asubuhi na jioni.

Mkwe na mumewe, ambao wanaishi nyumba ya pili kutoka hapo, walikuja kula kama kawaida ya siku hiyo ya wiki. Kijana alizungumza mambo ya mpira tangu kunawa hadi kushiba, Mungu ambariki, kwa sababu hakuna mwingine aliyekuwa na la kusema. Mzee alikula bila kugonga sahani. Mkwe aliliona hilo. Aliisogeza chumvi, akairudisha ilipokuwa, na mwishowe akazungumza akiitazama ile chumvi.

"Baba, nimeipima ile michubuko yote. Imekaa usawa mmoja."

"Usawa gani?"

"Usawa wa sikio." Akaigusa tena ile chumvi. "Sikio la mtu mrefu."

Kijana akanyamaza katikati ya penalti.

"Kufuli ni mfupi," akasema mke wa Mzee Hodi, kwa kusaidia.

Mkwe alisema tu kwamba asubuhi, kabla lori la zege halijafika, itabidi amweleze mkandarasi alichokipima, kwa kuwa ndiyo kazi yake, ila alitaka wa nyumbani wasikie kwanza. Kisha akanyanyuka akakusanya vyombo, akampokea mzee sahani kwa mikono miwili. Mkwe mwingine angesema wazi, na angekuwa na haki. Mwingine angenyamaza kabisa, angeamuru michubuko ipakwe dawa na kumwacha Kufuli aende. Huyu alimwachia mlango wazi na akaondoka asimwone akipita. Mzee alijua alichoachiwa. Alijua pia amri ya mkandarasi ilivyosema, kwamba aliyeharibu anaondoka, na neno "isipokuwa" halikuwemo.

Asubuhi wakamkuta Kufuli amekwisha kupanga makufuli yake mezani mbele ya ofisi, makubwa huku, madogo huku, na lile bunda la funguo ambalo kwa uzito wake lilikuwa limemwinamisha bega la kulia maisha yake yote. Mkandarasi alikuwa amesimama tayari kuhutubia. Mafundi walikuwa wamezunguka wakijifanya wanatafuta vifaa.

Mzee Hodi akavua kofia yake ngumu. Alianza kwa kuzunguka mbuyu. Akasema kuna mambo mtu huyafanya bila kuyafikiria. Akasema hata daktari huweza kumkanyaga mgonjwa akienda kumletea dawa. Mkandarasi akatikisa kichwa kwa kukubali, akidhani ni utangulizi wa kumfukuza Kufuli. Mzee akaona kwamba akiendelea hivyo atapigiwa makofi. Akaenda kwenye nguzo ya karibu, akatoa koleo, akagonga mara moja. Chembe ya kijani ikaruka ikatua kwenye kiatu cha mkandarasi.

"Kufuli hakuburuta kitu," akasema. "Ni mimi. Zote."

Kufuli ndiye aliyesema kwanza, taratibu, kama mtu anayeonja tusi aliloletewa na Mungu baada ya miaka mingi ya ukame. Alisema nyani haoni kundule, lakini huyu wake alikuwa amelipaka rangi kabisa ili watu walione, na bado yeye hakuliona. Alisema jana mzee alimlaumu paka. Alirudia neno paka. Ilibidi akae juu ya meza, kati ya makufuli yake.

Mkwe akasonga mbele, akaeleza kihandisi, kwa sauti isiyopanda wala kushuka, kwamba michubuko inatibika: isafishwe, ipakwe dawa, ikauke, na nguzo zimwagwe kesho. Lori la leo lipelekwe kwenye msingi wa ukuta wa nyuma, zege lisiharibike. Hakusema neno baba. Hakusema pia kwamba usiku wa jana alikuwa amekwisha kumpigia simu mwenye lori.

Mkandarasi alifuta kiatu. Akasema ukweli ni jambo zuri, lakini amri ni amri, aliitangaza mbele ya wote, na kama aliyeharibu ni Mzee Hodi basi anayeondoka ni Mzee Hodi. Alionekana kuumia akisema hivyo. Alikuwa amejikaanga kwa mafuta yake mwenyewe na hakujua atatokaje kwenye kikaango. Mzee akaitikia sawa. Akaanza kukunja kamba yake.

"Sawa kabisa," akasema Kufuli, akishuka mezani na kulichukua lile bunda la funguo. "Amri ni amri. Basi mimi nimerudi kazini, au siyo, mkubwa?"

Mkandarasi akasema ndiyo, amerudi.

"Tatizo ni uzee. Ghafla sikumbuki ufunguo upi ni wa wapi." Akaziinua juu, zikalia. "Wa stoo ya saruji sijui ni upi. Wa ofisi yako sijui. Wa kile choo chako cha marumaru, huo ndio kabisa. Ingekuwa kuna mtu tuliyezeeka naye, pengine angenikumbusha. Lakini naona anakunja kamba."

Mkandarasi alimtazama Kufuli, akalitazama bunda, akatazama upande wa choo, kwa sababu alikuwa amekunywa chai nyingi. Baadaye alieleza kwamba aliongozwa na busara. Alitangaza kwamba amri yake, ikisomwa kwa makini, ilihusu uharibifu wa kuburuta, na kugonga ni jambo jingine ambalo halikuwa limetajwa. Mafundi wakaafiki kwamba ndivyo walivyoielewa tangu mwanzo.

Kwa hiyo siku nzima Mzee Hodi alizunguka nguzo zake akiwa na brashi ndogo badala ya koleo. Koleo lilifungiwa stoo, na Kufuli alimwambia atalipata akiwa na barua ya mkewe. Alisafisha kila doa kwa kitambaa, akalipaka dawa kwa mkono mwepesi ambao hakuna aliyejua kwamba anao, akalipuliza kama mtu anayepuliza uji wa mtoto. Kufuli alimshikia kopo. Hakuacha kuzungumza. Alimwonyesha madoa aliyoyaruka na mengine ambayo hayakuwepo. Alimwuliza kama huyo paka amekwisha kuombwa radhi rasmi. Mzee hakujibu hata moja, lakini kila mara Kufuli alipoondoka kwenda kumfungulia mtu stoo, alisimama na brashi yake akimsubiri arudi.

Waya zenyewe alizikagua kwa vidole, moja moja, akizisukuma na kuzitikisa, kwa kuwa mkwe alimwonyesha kwamba hivyo tu inatosha. Mwanzoni mkono ulimwasha. Alikuwa akimaliza nguzo, mkono unaenda mfukoni wenyewe, unakuta hamna kitu, unarudi kwa aibu. Jioni mkwe alipita na tochi yake, akazikagua nguzo zote kuanzia chini hadi juu, akazima tochi. Akasema, "Ziko vizuri, baba." Safari hii sauti haikuwa ya kihandisi, na mzee akajifanya ameingiwa na dawa machoni.

Kesho yake zege likamwagwa. Nguzo za kijani zikazama zote, hakuna atakayeziona tena, na kama kila kitu kitakwenda kama inavyotakiwa, hakuna atakayekumbuka kwamba zilikuwa na rangi.

Mkandarasi alikuwa amelala na jambo hilo kichwani, na alipoamka aliamini kwamba uaminifu ulioonekana pale ulikuwa ni wazo lake. Aliwakusanya wote chini ya wodi mpya. Alihutubia. Alisema majengo hayasimami kwa chuma, yanasimama kwa watu, jambo ambalo lilimfanya mkwe ainamishe uso na kutazama viatu vyake. Alisema siku ardhi itakapotikisika, na itatikisika, akina mama watakaolala humu watakuwa wanalindwa na moyo wa fundi mmoja mnyoofu. Alimshika Mzee Hodi bega akamvuta mbele. Akamwomba, baada ya umri mzima aliokaa kati ya nguzo, awaachie wenzake hekima, aseme kwa kifupi ni funzo gani kubwa alilolipata. Kufuli akavua kofia. Mtu mmoja akawasha simu ili arekodi.

Mzee Hodi akafikiri.

"Rangi inabanduka," akasema.